Moshi wa Dirisha la Kushoto

Mume wangu alifundisha historia ya Ulaya ya kisasa chuo kikuu maisha yake yote ya kazi, na hakuwahi kukanyaga Ulaya hata siku moja. Ndugu zangu walilifanya jambo hilo kuwa utani wa kila kikao. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ulimi wake hauna breki, alimbatiza shemeji yake jina la Mzungu wa Vitabuni, na kila akimwona anauliza, "Shemeji, huko kwenu baridi imepungua?" Mume wangu hucheka kwanza, kisha humjibu kwamba hata mwalimu wa historia ya Roma hajawahi kunywa chai na Kaisari.

Si kwamba hakutaka kwenda. Mara ya kwanza alinyimwa viza na mtu ambaye hata hakuinua macho kumtazama. Mara ya pili ufadhili ulipatikana, nikajifungua mapacha kabla ya wakati, akaukataa kwa mkono wake mwenyewe ili akae nami wodini. Mara ya tatu mkuu wa idara aliona ni afadhali aende yeye. Baada ya hapo akaacha kuomba, na kama walivyo wanaume wengi, kilichomshinda akakigeuza kuwa msimamo. Akaanza kuwaambia wanafunzi wake kwamba mtu akiwa mbali ndipo anapoona vizuri.

Kwa hiyo mji wake ukaja kwetu. Ulikuja kwa posta nikiwa na mimba ya kifungua mimba wetu: picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe, kubwa kama sinia, iliyotumwa na hifadhi ya nyaraka ya mji ule. Ilikuwa imechapwa kutoka kwenye kioo, maana wapiga picha wa enzi zile walitumia vipande vya kioo badala ya filamu. Picha hiyo ilikaa juu ya meza yetu ya chakula miaka mingi. Watoto wangu walijifunza kula bila kumwaga kwa ajili yake.

Ilionyesha mtaa mmoja uliojaa watu, wengine wanakimbia, na mwisho wa mtaa mnara wa kanisa wenye ngazi za mawe zilizoupanda kwa nje. Upande mmoja wa mtaa ule, unaopakana na mto, palikuwa na ukumbi wa wafumaji wa kiwandani. Upande wa pili, unaoelekea kilimani, palikuwa na nyumba ya tajiri mwenye kiwanda. Wafumaji walikuwa wamegoma. Askari waliletwa, risasi zikalia, watu kumi na wawili wakafa. Kamanda aliapa kwamba risasi ya kwanza ilitoka ukumbini kwa wafumaji na askari wake walijibu tu. Wafumaji waliobaki hai waliapa kwamba hakuna mwenzao aliyeshika silaha. Wakubwa wakamwamini kamanda, kama kawaida yao, na waliokufa wakazikwa kama wahalifu.

Katika picha ile, kwenye dirisha moja la ghorofani upande wa kushoto, palikuwa na kidoa cheupe. Wote waliowahi kuitazama waliona uchafu wa kioo. Mume wangu aliona moshi. Alinunua lenzi, akawaandikia wataalamu wa silaha za zamani, akalinganisha na picha nyingine za bunduki za wakati ule, mpaka hakuna aliyeweza kumbishia: ule ulikuwa moshi wa bunduki, na ulitoka kabla askari hawajainua zao. Kisha akatandaza ramani ya mji kando ya picha. Ukisimama ukitazama mnara, mto uko kulia na kilima kiko kushoto. Kwa hiyo dirisha la kushoto ni la nyumba ya tajiri. Watu wa tajiri ndio waliofyatua, ili askari wapate kisingizio.

Hicho ndicho kilikuwa kitabu chake. Kilimpandisha kutoka mhadhiri msaidizi mpaka uprofesa, kikamwekea jina kwenye kibao cha mlangoni. Na kule mjini kilifanya makubwa zaidi. Familia ya tajiri, iliyokuwa bado ina kampuni, iliomba radhi hadharani. Wale kumi na wawili walisafishwa majina, wakawekewa jiwe la ukumbusho. Alipostaafu, mji ukamwandikia kwamba unataka kumpa uraia wa heshima, siku ileile wanayowakumbuka watu wao, na mkewe aje naye.

Mkewe ni mimi. Nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji mpaka miguu iliponikatalia. Yeye huniita Sista hadi leo, kwa sababu tulikutana siku nilipomfukuza wodini kwa kupitiliza saa za kuona wagonjwa. Nilipoona tiketi mbili mezani nilipiga vigelegele mwenyewe jikoni, bila wa kuniitikia.

Tulipokelewa na mhadhiri wa historia wa chuo cha pale, mama wa makamo ambaye jina lake lilinishinda kutamka. Nikamwita Skafu, maana skafu yake nyekundu hakuivua hata ndani ya nyumba. Tuliongea naye Kiingereza. Lugha ya mji ule mume wangu aliijua kwa macho tu. Alijifunza peke yake kwa kusoma magazeti ya miaka mia iliyopita, na hakuwahi kupata mtu wa kuzungumza naye. Pale uwanja wa ndege alimsalimia mpagazi kwa lugha hiyo, mpagazi akamwangalia kama mtu aliyetoka kaburini.

Skafu alitupeleka kwanza makumbusho. Ile picha ya meza yetu ya chakula ilikuwa imekuzwa ikafunika sehemu kubwa ya ukuta, na mimi machozi yalinitoka, nikakumbuka watoto wakiwa wadogo. Chini yake palikuwa na jina la mume wangu. Yeye alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Mbona mnara wameukata?" aliniuliza kwa lugha yetu. Kweli, picha ya ukutani iliishia kabla ya mwisho wa mtaa.

Akamuuliza na Skafu. Skafu alijibu kwamba ukuta haukutosha. Niliona ukuta bado una nafasi ya kulaza ng'ombe wawili, lakini mgeni hapekui nyumba ya mwenyeji, nikanyamaza.

Palepale makumbusho tulimkuta bibi mmoja mzee, mdogo wa umbo, amevaa koti la kijivu lililopigwa pasi hadi linakwaruza. Skafu alitueleza kwamba babu wa bibi huyo alikuwa mlinzi wa ukumbi wa wafumaji, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuawa siku ile. Bibi hakujua neno la Kiingereza. Aliushika mkono wa mume wangu kwa mikono yake miwili, akausugua kama mtu anayepasha mtoto joto, kisha akaja kunishika na mimi. Tangu hapo, popote nilipokaa alikaa ubavuni mwangu.

Baada ya makumbusho mume wangu aliomba tuachwe, mimi na yeye, tuutembee mtaa wenyewe. Alisema hahitaji wa kumwongoza. Na kweli hakuhitaji. Nyumba za zamani zilibomolewa na mabomu ya vita vya baadaye, zikajengwa mpya zinazofanana kama mapacha, lakini yeye alitembea akinionyesha vitu ambavyo havipo kana kwamba anavigusa. "Hapa duka la mikate. Hapa farasi wa kamanda alianguka. Angalia, Sista, hapa." Alikuwa na furaha ya kitoto ambayo sikuwa nimeiona tangu mapacha waliporuhusiwa kutoka hospitali. Nilimwambia apunguze mwendo, moyo wake si wa jana. Akacheka akazidisha.

Halafu akasimama. Tulikuwa mahali hasa aliposimama mpiga picha, na mbele yetu, mwisho wa mtaa, mnara wa kanisa ulikuwa mzima, mweusi kwa umri, na ngazi zake za nje.

Aliutazama mnara toka chini mpaka juu.

"Sista," alisema, "ngazi ziko upande gani?"

"Kulia."

"Kulia kwako au kulia kwangu?"

"Prof, tumesimama bega kwa bega. Kulia ni kulia."

Alifungua mkoba, akatoa ile picha yetu, picha yenyewe ya siku zote, pembe moja ina alama ya kikombe. Aliiinua mbele ya macho yetu, picha huku na mtaa kule. Katika picha, ngazi za mnara zilikuwa kushoto.

Nilizitazama zile za mawe, nikazitazama zile za karatasi. Miaka yangu yote chumba cha upasuaji, jambo tuliloogopa kuliko damu lilikuwa picha ya eksirei iliyowekwa kinyume ukutani, kwa sababu daktari akiifuata hiyo anamkata mgonjwa mguu mzima na kuuacha mbovu. Sikuhitaji kuelezwa. Mtu wa hifadhi, enzi zile, alikilaza kile kioo upande usio wake alipokuwa anachapa picha ya kututumia, basi. Mtaa mzima ukageuka. Dirisha la kushoto halikuwa la kushoto.

"Labda walizijenga upya ngazi," nilisema.

Alikuwa anaangalia upande wa kulia, upande wa mto, ghorofani, mahali ulipokuwa ukumbi wa wafumaji. Mdomo wake ulikuwa wazi. Nimewaona watu wengi wakipewa habari mbaya, ni sehemu ya kazi, lakini sikuwahi kumwona mtu anayejipa habari mbaya mwenyewe namna ile. Nikamkalisha kwenye ukingo wa barabara kama mlevi, watu wakapita wakitutazama.

"Moshi ulitoka kwa wafumaji," alisema. "Kamanda alisema kweli. Sista, kamanda alisema kweli!"

Tulikwenda moja kwa moja ofisini kwa Skafu. Ilikuwa ofisi kama ya mume wangu, vitabu mpaka sakafuni, kikombe cha jana juu ya mitihani isiyosahihishwa. Mume wangu hakuketi. Alimwekea picha mezani, akamweleza yote kwa pumzi moja, na nilitegemea mama wa watu azimie. Skafu aliinuka taratibu, akafunga mlango, akarudi kwenye kiti chake.

"Tunajua," alisema.

Sikuamini masikio yangu. Mume wangu alimwomba arudie.

"Tunajua, Profesa. Si wote. Wachache wa idara hii na wa makumbusho. Kitabu chako kilipofika nilikuwa mwanafunzi. Mwalimu wangu alikifungua, akaiona picha, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Alipita chini ya mnara ule kila siku akienda nyumbani."

"Na hakuniandikia?"

"Aliandika barua, akaichana. Ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote mwenye cheo kusema kwamba wale watu hawakuwa wahalifu. Angelisema mtu wa hapa, wangedai anatetea babu zake. Wewe hukuwa na ndugu hapa, hukuwa na chama, hukuwahi hata kufika. Nani angekutilia shaka?"

"Kwa hiyo mlinichagua kwa sababu niko mbali."

"Hatukukuchagua," Skafu alisema, tena kwa upole uliouma zaidi. "Ulikosea mwenyewe, na kosa lako likatufaa. Watu kumi na wawili waliuawa, Profesa, karibu wote mikono mitupu barabarani. Hilo ni kweli, hata moshi utoke wapi. Mtu mmoja dirishani hawezi kuwa sababu ya kuwaua wote. Lakini ukisema kesho kwamba mtu huyo alikuwepo, hakuna atakayesikiliza sentensi ya pili."

Mume wangu aliichukua picha yake mezani. Mimi ndiye niliyejibu. Nilimwambia Skafu kwamba huko kwetu kumvisha mtu kilemba cha ukoka ni utani wa kijiweni, wao wamemvisha mwenzao miaka yote hiyo, wakamwandikia barua za shukrani, wakamkatia tiketi aje kukivaa mbele ya watu, wakijua. Nilisema kwamba wakati wanaukata mnara kwenye picha walikuwa wanamcheka. Skafu aligeuka mwekundu kama skafu yake. Alisema hawakumcheka hata siku moja, na kwamba wao wanampenda kweli. Nadhani alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi.

Jioni ile hotelini tuligombana kama hatujawahi. Yeye alikaa kitandani na koti lake mwilini, amekufa ganzi, anasema maneno yaleyale tu: lazima niseme, lazima niseme. Mimi nilimwambia anyamaze. Sina haya kulisema. Nilimwambia apokee cheti chake, ashukuru, tupande ndege, tukalee wajukuu. Kamanda keshaoza, tajiri keshaoza, waliopigwa risasi wamekwishapata heshima yao. Anataka kumvua nani nguo mbele za watu kama si yeye mwenyewe?

"Wewe," aliniuliza, "daktari wako akikata mguu usio wenyewe, ungenyamaza?"

"Mgonjwa wenu anatembea vizuri, Prof. Mwache atembee."

"Kwa mguu wa uongo."

"Anatembea!"

Alinitazama kwa macho ya mtu mgeni. Akasema kwamba maisha yake yote amewafelisha wanafunzi kwa kosa dogo kuliko hili. Nikaenda kuoga, nikalia humo bafuni huku maji yanamwagika ili asinisikie.

Asubuhi ukumbi wa mji ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye korido. Meya alikuwepo na mkufu wake kifuani. Mimi niliwekwa mstari wa mbele, na bibi wa koti la kijivu ubavuni mwangu, mkono wake juu ya wangu. Mpango ulikuwa mume wangu aseme Kiingereza, na Skafu, aliyesimama karibu naye na kipaza sauti chake, akigeuze kuwa lugha ya pale kidogo kidogo.

Alianza vizuri. Alishukuru. Skafu akatafsiri, watu wakatikisa vichwa. Kisha nikamwona anashika ukingo wa meza, nikajua amekata shauri. Nilitamani sakafu inimeze.

"Kitabu changu kina kosa," alisema kwa Kiingereza. "Picha niliyoitumia ilichapwa kinyume. Risasi ya kwanza haikutoka nyumba ya tajiri. Ilitoka ukumbi wa wafumaji. Nimewapotosha, na ninaomba radhi."

Nilifumba macho nikisubiri zomeazomea. Skafu alisema maneno yake kwenye kipaza sauti, marefu kiasi, kwa sauti yenye majonzi. Na ukumbi wote ukasimama ukapiga makofi.

Nilifumbua macho. Walikuwa wanapiga makofi wakitabasamu, wengine wanafuta machozi. Bibi alikuwa amesimama na yeye, anapiga vile viganja vyake vidogo. Kwa sekunde moja nilifikiri, kumbe watu hawa ni malaika. Kisha nikamwona mume wangu anavyomtazama Skafu. Alikuwa amesikia. Ile lugha aliijua kwa macho, lakini alikuwa amekaa nayo miaka mingi kiasi cha masikio nayo kuamka. Baadaye aliniambia Skafu alisema nini: kwamba mgeni wetu anasema machungu ya wafumaji ni machungu yake, na anaomba radhi kwa kuchelewa kuja.

Mume wangu alinyoosha mkono, akakichukua kile kipaza sauti cha Skafu. Hakumpokonya. Alikichukua kama unavyomwondolea mtoto kisu mkononi. Skafu hakukizuia.

Halafu akasema kwa lugha yao. Sikuelewa hata neno moja, lakini nilijua ni lugha yao kwa jinsi ukumbi ulivyoshtuka. Alisema polepole, kila neno peke yake, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Kuna kijana nyuma alicheka kidogo kwa ile lugha ya magazeti ya babu zao, akanyamaza ghafla. Mume wangu aliinua picha juu, akaonyesha ngazi za mnara, akaonyesha mnara wenyewe nje ya dirisha la ukumbi, akaigeuza picha kinyumenyume. Hapo hata asiyesikia angeelewa.

Ukimya ule sijawahi kuusikia popote, hata chumba cha upasuaji mashine inaposimama. Meya alikuwa anaushika mkufu wake kana kwamba umembana. Mtu mmoja wa makamo alipiga kelele neno moja, akatoka, na wengine wakatoka nyuma yake wakiburuta viti. Skafu alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili.

Ndipo nilipohisi ubavu wangu umepoa. Bibi alikuwa ameuondoa mkono wake. Alisimama, akasema kitu, si kwa sauti kubwa. Mume wangu alimjibu. Bibi akasema tena, kirefu zaidi, na waliokuwa wanatoka walisimama mlangoni kumsikiliza.

"Anasema nini?" niliropoka kwa lugha yetu, mbele ya wote. Uvumilivu ulikuwa umenishinda.

Mume wangu alinijibu kwa lugha yetu, kwenye kipaza sauti kilekile, amesahau kabisa mahali alipo.

"Anasema baba yake alikuwa mtoto siku ile. Alikuwa mle ukumbini, pamoja na babu, yule mlinzi. Aliona kwa macho yake babu akipiga risasi kutoka dirishani, akaona na babu mwenyewe anavyopigwa." Aligeuka kumwangalia bibi. "Alilisema jambo hilo mpaka uzeeni, na nyumbani walimwamini. Kitabu changu kilipokuja, watu wakamwita mwongo. Wakamwita kibaraka wa tajiri. Akasisitiza, wakadhani akili imemruka."

Bibi aliongeza maneno machache, akijipiga kifua kwa kiganja.

"Anasema hata yeye. Alimwendea baba yake na kitabu mkononi, akamwambia, baba, nyamaza, unatuaibisha, profesa amethibitisha." Alikishusha kipaza sauti. "Hakusema tena na bintiye mpaka alipokufa."

Nilishika tama nikashindwa hata kulia. Jioni ile hotelini nilikuwa nimesema mgonjwa anatembea vizuri. Hakuna aliyekuwa ametuambia kuna mguu mzima uliokatwa, na mwenye mguu alikuwa amekaa ubavuni mwangu siku mbili akinipasha mikono.

Mume wangu aliteremka jukwaani. Nilidhani anakuja kwangu, lakini alikwenda kwa bibi, akasimama mbele yake bila kumgusa. Bibi alimtazama usoni, akamshika mkono wa koti, si kwa upendo wala kwa ugomvi, alimshika tu kama unavyomshika mtu usije ukampoteza sokoni. Akasema neno, akaanza kutembea. Mume wangu akaniashiria kwa kichwa. Tulitoka watatu katikati ya ule ukimya, watu wakitupisha, na cheti cha uraia wa heshima kilibaki mezani pamoja na glasi ya maji.

Makaburi yalikuwa nyuma ya kanisa, chini ya zile ngazi za mnara, upande wa kulia. Jiwe la kumbukumbu ya wale kumi na wawili lilikuwa mbele, limejaa maua ya asubuhi ile. Bibi hakulitazama. Alitupitisha mpaka ukutani, kwenye kaburi dogo lisilo na ua hata moja, akaacha mkono wa koti.

"Anataka nimwambie baba yake," mume wangu alisema.

Alivua kofia. Alisema ile sentensi yake ya ukumbini, ndefu, kwa ile lugha yake ya kuvuka mto. Bibi alitikisa kichwa kukataa.

"Anasema nini tena?"

"Anasema ninaongea kama gazeti, na baba yake hakujua kusoma. Nimwambie upya kwa maneno madogo."

Alisimama pale akiyatafuta. Mtu aliyeandika kurasa mia tano juu ya mtaa mmoja alikuwa anatafuta maneno madogo na hayapati, jasho linamtoka kwenye baridi ile, nami siwezi kumsaidia. Mwishowe alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye udongo, akasema. Ilikuwa fupi sana. Bibi alifumba macho.

Hakungoja niulize. Alinigeukia akiwa bado chini, akanitafsiria mwenyewe.

"Nimemwambia, mzee, wewe ulikuwepo. Mimi sikuwepo."

Kisha bibi naye alipiga magoti upande wa pili wa kaburi, akaanza kusema na baba yake. Alisema kwa muda mrefu, na mume wangu alikuwa anaelewa kila neno, nikaona linavyomfika usoni. Sikumwomba anitafsirie.